Mwenye Mnazi na Mwenye Hati

Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya mwambao wa Kenya. Kila aliyejiona ana ardhi ndani ya ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar alipewa miezi sita apeleke dai lake kwa msajili, ataje jina lake, mipaka yake na ushahidi wake. Ardhi ambayo haikudaiwa iliandikwa kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Kutoka Mtwapa hadi Mambrui, wakulima wengi hawakuipata habari hiyo. Walioipata hawakuona inawahusu vipi, maana shamba kwao lilikuwa la mbari, na mbari haiendi kwa karani kutaja jina moja.

Mwarabu wa Malindi alikwenda na makaratasi: hati ya ununuzi iliyoandikwa mbele ya kadhi, mgawanyo wa mirathi, pengine na rehani aliyomwekea mfanyabiashara wa Kihindi. Mgiriama naye alikuwa na ushahidi, ila wa namna nyingine. Babu yake amezikwa pale. Kama babu huyo alikuwa mwanachama wa chama cha Gohu, kigango chake, nguzo ya kumbukumbu yake, kimesimama hapo, kimechongwa na kulishwa pombe kwa heshima ya koma, roho za wahenga. Mnazi ule ulipandwa na fulani, ukauzwa kwa fulani, na wazee walioshuhudia wapo. Msajili hakuwa na daftari la kuandika mambo hayo. Baadaye hata vigango vyenyewe vilianza kuibwa na kuuzwa kwa watalii kama mapambo, vingine vikafika katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007 kutoka Illinois na Virginia. Kwa hiyo kuna familia za Kilifi ambazo hati yao ya ardhi, kwa mila yao, iliwahi kutundikwa ukutani ng'ambo ya Atlantiki.

Naanza na sheria hiyo ya 1908 kwa sababu barazani, kutoka Malindi mjini hadi maofisi ya Kilifi, umaskini wa Mijikenda, Wagiriama wakiwamo, una maelezo mengine mepesi zaidi. Utaambiwa Mgiriama akipata kidogo anaongeza mke. Utaambiwa watoto ni wengi, mazishi ni ya wiki nzima, mnazi umemlevya, na mali haikai kwa sababu kila ndugu ana mkono ndani yake. Yaani kosa liko nyumbani. Hoja hii si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1965 Daniel Patrick Moynihan, aliyekuwa akifanya kazi katika serikali ya Marekani, aliandika ripoti iliyoinyooshea kidole familia ya Wamarekani weusi, akitaja nyumba zisizo na baba kuwa kiini cha tatizo lao, na mabishano yaliyozuka hayajakwisha mpaka leo. Pwani hatujapata ripoti ya jina kubwa kama hiyo, lakini hoja tunayo. Dawa yake ni kufuata tarehe, kuona kipi kilitangulia kipi.

Malindi aliyoiona Vasco da Gama mwaka 1498 ilikuwa imekufa zamani. Sheikh wake alihamia Mombasa pamoja na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, na mashambulizi ya Wagalla yakamalizia. Mji tunaoujua sasa ulifufuliwa katika karne ya 19 na Sayyid Majid wa Zanzibar, kwa askari, kwa walowezi wa Kiarabu na Waswahili, na kwa mikono ya watumwa waliofyeka msitu. Mtama ulistawi ajabu. Majahazi yaliupeleka Zanzibar na Arabuni, na kwa miaka thelathini hivi Malindi ilikuwa ghala la nafaka. Aliyenufaika kuliko wote ni Salim bin Khalfan al-Busaidi, aliyekuwa liwali wa Malindi kisha wa Mombasa. Yeye na jamaa zake walikuja kumiliki sehemu kubwa ya mashamba yaliyouzunguka mji. Kusini yake, Takaungu, walikuwapo Wamazrui waliokimbilia huko baada ya Sayyid Said kuwatoa Mombasa mwaka 1837.

Tuangalie basi familia katika mfumo ule. Mtumwa hakuwa na ukoo mbele ya sheria. Hakuoa bila idhini ya bwana wake, na mahari ya mjakazi yalikwenda kwa bwana. Aliyeachwa huru akafa bila mrithi, bwana wa zamani alirithi. Njia iliyokuwa wazi ilipita kwenye nyumba ya bwana mwenyewe: mtoto wa suria alizaliwa huru, akaitwa kwa jina la baba, akarithi pamoja na ndugu zake. Utumwa wa pwani, kwa hiyo, ulijua vizuri sana kazi ya familia. Uliwanyima wengi, ukawafungulia wachache, na huo mlango mdogo ndio uliowafanya wengine wauone mfumo wote kuwa wa huruma.

Mijikenda nao waliingia katika nyumba hizo kwa njia ya njaa. Mvua ilipokatika, mzee wa Kigiriama au Kirabai aliweza kumweka mtoto au mpwa rehani kwa tajiri wa mjini ili apate nafaka, kwa nia ya kumkomboa mavuno yakirudi. Mara nyingine alikombolewa. Mara nyingine rehani iligeuka utumwa, au mtoto alisilimu, akapewa jina na jamaa mpya, akawa Mswahili. Nyingi za familia tunazoziita leo za Kiswahili au za Kiarabu huko Mambrui na Takaungu zina bibi aliyetoka bara kwa njia hiyo, na si kila anayejua hupenda kusema. Mpaka kati ya "mwungwana" wa mjini na "Mnyika" wa bara ulivukwa kila njaa ilipokuja. Watumwa nao waliuvuka kwa upande wa pili: watoro walijenga vijiji vyao nyuma ya mashamba, Fuladoyo kikiwa mashuhuri kuliko vyote, na wengine wakajificha kwa wamisionari Rabai, ambako mwanzoni mwa 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aliwalipa mabwana fidia ya watoro wapatao 1,400.

Ni kipindi hikihiki, miaka ya 1880 na 1890, ambapo Wagiriama walisonga kaskazini hadi wakavuka mto Sabaki. Waingereza wa mwanzo hawakuona ubaya. Mashamba ya Waarabu yalikuwa yakipoteza watu, na mudzi wa Kigiriama ulikuwa ukizalisha. Tazama ulivyokaa: mwenye mudzi, wake zake kila mmoja na nyumba yake na sehemu yake ya kulima, wana waliooa, wake zao, wajukuu. Mvua ikinyesha, watu kumi na watano wanaingia shambani siku hiyohiyo bila kumlipa yeyote. Ziada ya mahindi na mtama iliuzwa kwa Wahindi na Waarabu wa pwani, na mapato yakawa mbuzi, ng'ombe, na mahari ya mke mwingine ambaye naye alileta shamba jingine. Familia ileile inayotajwa leo kama mzigo ilikuwa ndiyo mtaji, na shamba la mtumwa halikuweza kushindana nayo.

Halafu zikaja sheria mbili kwa mfululizo. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa katika ukanda wa pwani, na fidia ikalipwa kwa mabwana. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu, wala hakupewa kipande cha ardhi aliyoilima. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati. Ukizisoma pamoja utaona bwana alilipwa mara mbili: kwanza kwa watu, kisha akapewa haki ya kudumu juu ya ardhi ambayo bila watu wale haikuwa na thamani. Mtumwa wa jana akabaki palepale, kwa bwana yuleyule, safari hii akiitwa mpangaji, akilipa ijara au akigawana mazao.

Serikali ilipogundua kwamba Wagiriama hawaendi kufanya kazi ya ujira katika mashamba ya walowezi, iliitafuta sababu na kuipata nyumbani kwao: wanakula vizuri mno. Mwaka 1912 Arthur Champion alipelekwa kwao kukusanya kodi na kutafuta vibarua. Charles Hobley, mkuu wa jimbo la pwani, alitaka walio kaskazini mwa Sabaki wahamishwe, ardhi nzuri ibaki kwa mashamba makubwa, na wao wasukumwe kwenye hifadhi yenye mvua haba ambako wangelazimika kutafuta kazi. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi umaskini unavyotengenezwa ofisini.

Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwajibu kwa lugha ya ukoo. Mwaka 1913 yeye na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya kabila, wakale kiapo cha kutoshirikiana na serikali. Husimuliwa kwamba mbele ya Champion alichukua kifaranga akamwambia ajaribu kukigusa aone mama yake atafanya nini, na kuku akamdonoa mzungu. Kama mambo yalikwenda hivyo hasa au yalinogeshwa na wasimulizi, ujumbe ulieleweka: vijana mnaowataka ni watoto wetu. Walikamatwa mwezi Oktoba, wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, wakatoroka mwaka 1914 wakarudi kwa miguu, wakakamatwa tena. Agosti 1914 serikali iliipasua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, vijiji vikachomwa, mbuzi wakatekwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Walio ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa.

Miaka michache baadaye serikali iliona uhamisho umeleta njaa tu na ikawaacha warudi. Lakini walirudi kama nani? Ardhi ilikuwa ya Mfalme au ya mwenye hati. Walirudi wakiwa maskwota, hali ambayo wajukuu wao wameirithi kikamilifu kuliko urithi wowote mwingine.

Hapa mtu atauliza: labda Waingereza hawakuwa na namna ya kuandika ardhi kwa jina la ukoo. Namna ilikuwapo, na waliitumia Takaungu. Wamazrui walidai ardhi kama jamaa, kwa pamoja, na sheria maalumu ya amana ikatungwa ili maelfu ya ekari katika eneo la Kilifi yashikwe na bodi kwa niaba ya kizazi chote cha Mazrui. Hakuna aliyewaambia Wamazrui kwamba umiliki wa ukoo ni ushenzi unaozuia maendeleo. Wakfu za Waislamu nazo zilipewa makamishna wa serikali wa kuzisimamia. Kwa hiyo afisa yuleyule alikuwa na jicho la kuona ukoo wa Mwarabu kuwa mmiliki, na akiutazama ukoo wa Mgiriama aliona kundi la watu wanaohamahama. Kilichotofautisha ni daraja la kisheria: huyu ni "mwenyeji", yule si mwenyeji. Daraja hilo liliamua kodi, mahakama, chakula cha gerezani, na haki ya kupata hati. Ndiyo maana familia za Waswahili, ambazo ukoo wao ulikuwa umechanganyika pande zote, zilitumia miongo mizima kuisihi serikali iziandike upande wa Waarabu. Mpaka uliovukwa kila njaa ukawa sasa umeandikwa kwa wino.

Nisieleweke vibaya: hati haikuwatajirisha Waarabu wote. Bila watumwa na bila mtaji, shamba la Malindi lilikuwa karatasi ya kukopea. Mwenye shamba alipofariki, mirathi iligawanywa kwa wajane, wana na mabinti kama sheria inavyotaka, vipande vikawa vidogo, na warithi waliohitaji fedha waliweka rehani kwa Mhindi. Wengi hawakukomboa. Ukisoma historia aliyoiandika Frederick Cooper juu ya watumwa na maskwota wa mwambao huu, unawaona wenye mashamba wakiporomoka kizazi baada ya kizazi huku jina la ukoo likibaki kubwa. Familia moja iliyodumu juu ni ile ya Salim bin Khalfan. Mwanawe, Ali bin Salim, alikuwa liwali wa pwani, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, na akapewa cheo cha "Sir". Basi hata upande wa wenye hati, kufaulu kulitegemea ukaribu na serikali kuliko ubora wa malezi.

Kwa upande wa maskwota, vita vya kimyakimya vilikuwa juu ya miti. Mila ya pwani inakubali mnazi uwe wa huyu na udongo uwe wa yule. Mwenye shamba aliyejua hilo alimkataza mpangaji kupanda mnazi, mwembe au mkorosho: lima mahindi, lima mihogo, vitu vinavyong'olewa. Mti unaoishi miaka sitini ni shahidi. Fikiria familia inayokatazwa kwa vizazi vitatu kuweka mali itakayompita aliyeipanda, kisha iambiwe haijui kuwawekea watoto.

Penye ruhusa ya kupanda, mambo yalikuwa mengine kabisa. Kaloleni, ndani zaidi kutoka baharini, David Parkin aliishi na Wagiriama miaka ya 1960 na kukuta wakulima waliojikusanyia minazi na ardhi kwa kununua kutoka kwa jamaa zao waliohitaji fedha za mazishi na mahari. Mila zilezile za ukoo, pombe ileile ya mnazi, lakini palikuwa na mti unaouzika na wazee wa kushuhudia, basi wakatokea matajiri. Na maskini pia. Walionunua walinunua kwa ndugu zao, na hofu ya kurogwa ikawafuata hadi wengine wakatafuta kinga ya dini mpya.

Uhuru ulipokaribia, siasa ya pwani ilikuwa siasa ya ardhi hii. Ronald Ngala, mwalimu kutoka Kaloleni na kiongozi wa chama cha KADU, alitaka majimbo ili ardhi ya pwani iamuliwe na watu wa pwani. Wengi wa Waarabu na Waswahili walitaka Mwambao wao, ubaki na Sultani au usimame peke yake. Mijikenda walisikia katika neno hilo kurudi kwa bwana wa zamani, wakaungana na bara. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana: ukanda uwe wa Kenya, kadhi abaki, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe. Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichobeba mwaka 1908 mzima na kuuingiza katika Kenya huru. Mwaka uliofuata KADU ilivunjwa, na majimbo yakaenda nayo.

Baada ya hapo wenye hati walibadilika sura. Warithi wa Kiarabu waliokuwa mbali waliuza. Wakuu wa serikali na wanasiasa kutoka bara walinunua au waligawiwa ardhi ya serikali, ile iliyokuwa ya Mfalme. Waitaliano walifika Malindi, kwanza na kituo cha kurushia roketi Ngomeni miaka ya 1960, kisha na hoteli. Skwota hakuuzwa, lakini shamba alilokaa liliuzwa naye yumo. Magarini, serikali kwa msaada wa Australia ilianzisha mpango mkubwa wa makazi miaka ya 1970 uliogawa viwanja kwa kila mwenye familia kwa vipimo vilivyonyooka, kana kwamba mudzi ni chumba kimoja. Maji hayakutosha, mazao yaliyopangwa hayakukubali, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafadhili walikuwa wamejitoa. Katika tarafa hiyohiyo viwanda vya chumvi vilipanuka, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara juu ya malalamiko ya wakazi na kutoa ripoti mwaka 2006.

Sasa rudi kwenye familia, maana ni sasa, si zamani, ambapo familia imeanza kweli kuvunjika. Katika Ganze, Magarini na Kaloleni wazee wenye mvi huuawa kwa madai ya uchawi. Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni kijana wa nyumba ileile, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" kuna shamba linalotakiwa kuuzwa. Mzee ndiye aliyekuwa shahidi wa mipaka; katika ukoo usio na hati, kumwondoa ni kuifuta ofisi nzima ya ardhi. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa, watu ambao kwa mila ndio wangepaswa kukimbiliwa. Mtu akiniambia kwamba familia za Kilifi zina tatizo, siku hizi sibishi. Nabisha juu ya mpangilio wa matukio.

Sheria imezunguka na kugeuka. Mwaka 1989 Bunge lilifuta amana ya ardhi ya Mazrui, kwa nia iliyotangazwa ya kuwapa maskwota. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ufutaji ule ulikiuka haki za Wamazrui. Wanaoishi juu ya ardhi ile wakajikuta mbele ya hukumu inayolinda ukoo, ila ukoo wa watu wengine. Mwaka 2013 Rais Uhuru Kenyatta aligawa hati 60,000 pwani, kila moja kwa jina la mtu.

Katiba ya 2010 iliweka ardhi ya jamii kuwa aina halali ya umiliki, na sheria ya kuisajili ikapitishwa mwaka 2016. Sasa mbari ya Kigiriama ingeweza kwenda kwa msajili ikiwa mbari. Lakini sheria hiyo inagusa ardhi ambayo haijawa ya mtu binafsi wala ya serikali, na katika ukanda wa maili kumi ardhi ya namna hiyo ni haba mno. Kwa sehemu kubwa ya Kilifi na Malindi iliyo karibu na bahari, mlango umefunguliwa kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa.